Vikapu vya kupanga na kupamba nyumba: kipi kitangulie, kipi kifuate

Chaja, rimoti, dawa za watoto, soksi zisizo na wenzake, vitunguu vilivyozagaa chini ya meza. Vitu vya namna hii ndivyo vinavyoifanya nyumba ionekane imevurugika hata baada ya kufagiwa na kudekiwa. Kikapu kinavimaliza, tena kwa bei ambayo fundi wa kabati hawezi kukutajia. Tatizo ni kwamba tukifika sokoni tunachagua kwa macho: rangi imependeza, tunalipa, tunaondoka. Mimi huanza kwa kukipindua nione kitako. Kitako kikiwa kibovu, hakuna rangi itakayokiokoa.

Kabla hujatoka nyumbani, pima sehemu unayotaka kukiweka: upana, kina na urefu. Toa sentimita mbili au tatu kila upande, maana vidole vinahitaji nafasi ya kukivuta. Na kwa rafu za kabati tafuta chenye pembe nne kama kinapatikana. Kikapu cha mviringo kwenye nafasi ya mraba kinapoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo; ukiwa na rafu nne, umepoteza karibu rafu nzima. Mviringo uuache kwa sakafuni na juu ya meza.

Katika kuvipanga nimeangalia mambo matatu. Kinasimama chenyewe kikiwa kitupu? Kinastahimili unyevu, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na bahari? Kikiharibika, kinatengenezeka?

Namba moja naviweka vikapu vya milulu kutoka Iringa. Milulu ni majani marefu yanayoota kwenye vinamasi, na wanawake wa Kihehe wamekuwa wakiyasuka tangu enzi za mabibi zao kwa kazi za shambani na ghalani. Kikapu kilichozaliwa kubeba nafaka hakiyumbi ukikijaza mashuka. Msuko wake umekaza, kuta zinasimama, na rangi yake ya asili, kati ya majani makavu na asali, inakubaliana na sofa ya aina yoyote. Ndiyo maana kwa rafu ya sebuleni, kwa vitabu vya watoto, kwa taulo zilizokunjwa, sijaona cha kukishinda.

Ukikishika, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya kitako, pale misuko inapoanzia. Kikibonyea kisirudi, kiache. Kiinue kuelekea jua: mwanga ukipenya kwa vijitundu vidogo vya kulingana si neno, lakini pengo kubwa upande mmoja ni dalili kwamba msukaji alilegeza mkono au majani yalisukwa yakiwa bado mabichi, yakaja kusinyaa baadaye. Pitisha kidole kwenye ukingo. Ncha zikikuchoma wewe, zitachana na kanga. Mwisho kiweke kwenye meza iliyonyooka. Kikicheza, hata kidogo, kitacheza maisha yake yote. Kasoro ya vikapu hivi ni bei, kwani nje ya Iringa hupanda sana, hasa kwenye maduka yanayolenga watalii. Ukiwa na ndugu au rafiki anayesafiri kutoka huko, mwagize.

Namba mbili ni kapu la ukili. Najua watu wa Pwani na Visiwani wangelipa nafasi ya kwanza, na kwa matengenezo wana haki. Kapu hili hutengenezwa kwa majani ya mkindu au ya miyaa yaliyochanwa vipande vyembamba, yakasukwa kuwa utepe mrefu, kisha utepe huo ukashonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitakoni kwenda juu. Kwa hiyo mshono ukifumuka, sindano nene na uzi wa ukindu vinaurudisha. Mama yeyote anayeshona mikeka atakufanyia kazi hiyo. Udhaifu wake ni kwamba ni laini. Likiwa tupu hulala. Linafaa vitu vinavyolijaza: midoli, blanketi, mito ya ziada, nguo za kupiga pasi.

Hapa kagua vitu viwili. Cha kwanza ni mikono. Mkono mzuri unashuka ubavuni, unapita chini ya kitako na kutokea upande wa pili, kwa hiyo uzito wote unabebwa na mkono wenyewe. Mkono ulioshonewa ukingoni tu utang'oka na kipande cha kapu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, makapu ya sokoni yameongezeka sana, na mengine yameshonwa harakaharaka. Cha pili ni rangi. Majani huchemshwa kwenye rangi kabla ya kusukwa. Yakichemshwa vizuri, rangi inaingia hadi ndani. Nenda na kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, sugua mstari mwekundu au wa zambarau. Kitambaa kikitoka na rangi, kapu hilo litazipaka nguo zako siku ya kwanza ya mvua. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kufanya hivyo.

Linunue pia kwa pua. Harufu ya uvundo maana yake lilihifadhiwa na unyevu, na ukungu tayari umo ndani ya mikunjo hata kama huuoni.

Namba tatu ni tenga la mianzi, na kwa jikoni ningelipandisha hadi la kwanza. Vitunguu na viazi vinataka hewa, na hakuna kikapu kinachopitisha hewa kama tenga. Viweke mbalimbali, kila kimoja na tenga lake. Vikikaa pamoja vinaozeshana mapema. Tenga refu lenye mfuniko ni zuri pia kwa nguo chafu, kwa sababu nguo zenye jasho hazivundi. Kabla ya kulipa, ligonge mara mbili tatu juu ya karatasi. Ukidondoka unga mweupe au wa njano, kuna wadudu wanaoubungua mwanzi kutoka ndani, na usiwapeleke nyumbani wakaanza na kitanda chako.

Kiondo ni cha nne. Cha katani halisi, kama wanavyosuka Wakikuyu na Wakamba, kina nguvu ya ajabu na hakipasuki hata ukikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kimejaa viatu. Kwa nyumba ndogo ya kupanga, chumba na sebule, kinachoning'inia kina thamani kuliko kinachokaa chini. Nimekishusha kwa sababu moja tu: siku hizi vingi vimesukwa kwa nyuzi za sufu au nailoni, vinavutia kwa rangi lakini vinarefuka vikibeba uzito. Katani utaijua kwa mkono. Ni kavu na inakwaruza kidogo.

Vya magugu maji na mafunjo kutoka pande za Kisumu ni vya tano. Magugu maji yamelisumbua Ziwa Victoria kwa miaka mingi, na ninafurahi kila nikiona mtu ameyageuza kikapu cha kuwekea magazeti. Ila yanafyonza unyevu. Nairobi au Arusha vitadumu. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa viweke mbali na ukuta wa nje, na msimu wa masika vitoe kwenye upepo mara kwa mara.

Agaseke cha Rwanda, kile chenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge, ni cha kupamba. Kimechorwa hata kwenye nembo ya taifa lao, na ukikiona jinsi uzi wa mkonge unavyozungushwa kwenye majani mzunguko kwa mzunguko, utaelewa kwa nini ni ghali. Mdomo wake ni mwembamba, hivyo usikitegemee kwa zaidi ya pete na vifungo.

Kwa ukutani, huhitaji kununua kitu kigeni. Nyungo mbili tatu za ukubwa tofauti, au kawa moja ya rangi, yaani kile kifuniko cha chakula kilichosukwa, zinatosha. Heri kuanza na moja kubwa kuliko nyingi ndogo. Vidogo vikiwa vingi ukuta unaonekana kama banda la mauzo. Acha nafasi ya kidole kati ya ungo na ukuta ili jasho la ukuta lisiuozeshe.

Plastiki iko mwisho, lakini bafuni ndiyo yenyewe. Sabuni, brashi na dodoki viweke kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu chini.

Kwa usafi, brashi kavu kila wiki na kitambaa chenye unyevu kidogo vinatosha. Kausha kivulini penye upepo, kwani jua kali la mchana linapausha rangi na kuyafanya majani yakatike.

Ukikosa kipimo chako sokoni, agiza. Kata boksi kwa ukubwa wa rafu yako, mpelekee msukaji boksi lenyewe, maana watu hukosea wakitajiana sentimita kwa simu. Mpe malipo ya awali na muda wa kutosha, kwa kuwa majani lazima yakatwe, yakauke na yatiwe rangi kabla hajaanza kusuka. Akikutajia bei, mpunguzishe kwa adabu, na usishuke chini ya ile inayomlipa siku zake.