Tathmini ya v-model ya Vue katika kuunganisha nyuga za fomu na data

Vue ni maktaba ya JavaScript iliyoanzishwa na Evan You na kutolewa kwa umma mwaka 2014, na katika yote iliyo nayo, ninalolitegemea zaidi ninapotengeneza fomu ni agizo la v-model, neno linaloandikwa kwenye uga wa fomu ili kuuunganisha na data ya programu. Kabla ya kulizoea, kila uga ulinidai kazi mbili: kuitoa thamani kwenye data na kuionyesha kwenye kisanduku, kisha kumsikiliza mtumiaji anapoandika ili thamani mpya irudi kwenye data. Niliwahi kusahau kazi ya pili katika uga mmoja wa fomu ndefu. Mtumiaji alisahihisha anwani yake, akaiona sahihi kwenye skrini, akabofya kitufe cha kutuma, na kilichofika kwenye seva kilikuwa anwani ya zamani. Kwa v-model, pande hizo mbili hufungwa pamoja kwa neno moja, na kosa la aina hiyo halipati tena mahali pa kujificha.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba agizo hili linaujua uga linaoshughulika nao. Kwenye kisanduku cha maandishi hutumia thamani yake na kusikiliza kila herufi inayoingia. Kwenye kisanduku cha kutia tiki huangalia kama kimetiwa au hakijatiwa. Na kwenye menyu ya kuchagua husubiri chaguo libadilike. Ukiviunganisha visanduku kadhaa vya tiki na orodha moja iliyo tupu, kila tiki huongeza thamani yake kwenye orodha hiyo na kuiondoa tiki huitoa, bila wewe kuandika hata mstari mmoja wa kutafuta au kufuta. Jambo la kukumbuka ni kwamba thamani ya mwanzo iliyoandikwa kwenye HTML hupuuzwa, kwa kuwa data ndiyo yenye neno la mwisho. Wanaoanza hushangazwa na hilo, lakini naliona ni uamuzi sahihi, maana chanzo cha ukweli kikiwa kimoja, ukiona thamani isiyo sahihi unajua pa kwenda kuitafuta.

Penye kuhitaji uangalifu mkubwa ni kiambishi cha .number, yaani nyongeza inayoandikwa mwishoni mwa v-model, ambacho hugeuza maandishi kuwa namba. Kiambishi hiki hutumia parseFloat, kazi ya JavaScript ambayo husoma tarakimu za mwanzo na kuyaacha yanayofuata, hivyo mtu akiandika 12abc data hupokea 12. Namba ya simu inayoanza na sifuri huipoteza sifuri hiyo: 0712 inakuwa 712, na hakuna onyo lolote. Ugeuzaji huo hufanyika hata usipoweka kiambishi, mradi uga wenyewe umetangazwa kuwa wa aina ya namba. Aidha, uga ukiachwa wazi, data hubaki na maandishi matupu wala si sifuri, kwa hiyo hesabu inayofuata lazima iwe tayari kwa hali hiyo. Kwa sababu hizo, mimi hukitumia kwa idadi na vipimo pekee. Namba za simu, za vitambulisho na za akaunti huziacha kuwa maandishi, na uhakiki wa kweli huufanya kando, kisha tena kwenye seva.

Viambishi vingine viwili havina matata: .trim huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, na .lazy huchelewesha usawazishaji mpaka mtumiaji aondoke kwenye uga, jambo linalofaa sana pale ambapo kila badiliko huanzisha hesabu nzito.

Kwa muda mrefu udhaifu wa v-model ulikuwa kwenye komponenti, yaani vipande vya ukurasa unavyojitengenezea mwenyewe. Katika Vue 3 ulilazimika kutangaza sifa ya modelValue ili kupokea thamani, kisha kurusha tukio la update:modelValue kwa mkono ili kuirudisha ikibadilika, yaani kazi zilezile mbili zilirudi kwa mlango wa nyuma. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2023, defineModel, amri inayofanya kazi zote mbili, imekuwa sehemu thabiti ya maktaba, na mstari mmoja unatosha. Nilipozibadilisha komponenti zangu za tarehe na za kuchagua rangi, nilifuta msimbo mwingi kuliko nilioandika, na fomu zilizozitumia hazikuhitaji kuguswa.