Kiovali cha mtaani kwenye gemu: picha ya satelaiti au futikamba?

Mimi na dogo mmoja wa huku Mikanjuni, Tanga, tunakitia kwenye Assetto Corsa, gemu la mbio za magari, kile kiwanja cha vumbi chenye umbo la yai ambacho vijana wa bodaboda wanakizunguka jioni wakikosa abiria, na tumebishana wiki nzima. Yeye anataka satelaiti tu, unaiweka picha kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, unachora juu yake, saa moja umbo tayari, umekula bando tu basi. Sawa, ila data za miinuko za bure nyingi zina pointi moja kila mita 30 hivi, na njia yetu ina upana wa mita 8, sasa mwinuko wa kona utauona wapi? Unapata chapati.

Ingekuwa Bowman Gray, kiovali cha mbio za magari cha Marekani, robo maili na kona tambarare, nisingebisha.

Mi nikabeba futikamba na ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, tukakuta kona ya pili nje iko juu ya ndani kwa sentimita 40, na hiyo ndo inayoshika tairi ukiingia kwa kasi. Shida jua la saa saba, halafu watoto wametung'olea vijiti vyetu vya alama mara mbili. Dogo kacheka mpaka basi.

Kwa hiyo umbo nachukua la satelaiti, urefu wa njia na mwinuko wa kona nafuata vipimo vyetu vya futikamba na mpira. Na ukiwa kwenye Blender, umbo la njia ulipe jina kama 1ROAD, bila ile namba mbele gari linadidimia chini ya ardhi.