Msumaki Upi Ununue? Tazama Mizizi Kabla ya Majani

Picha inayouza msumaki, yaani kichaka cha bustani kinachoitwa sumac kwa Kiingereza, ni ileile kila mahali: majani mekundu kama makaa katika majira ya kupukutika, na vishada vya matunda vimesimama wima juu ya matawi. Kilicho chini ya udongo hakipigwi picha. Misumaki mingi hutambaza mizizi ya juujuu kwa mita kadhaa, na popote mzizi ulipo panaweza kutokea chipukizi. Mnunuzi aliyetazama majani peke yake hujikuta baada ya misimu michache akifyeka kichaka katikati ya nyasi zake. Kwa hiyo tumeipanga orodha hii kwa swali moja: je, mmea utatulia ulipopandwa, au utaudai uwanja mzima?

Kwanza tumalize suala la sumu, maana huwatisha wengi bure na wengine haliwatishi inavyotakiwa. Misumaki ya bustani ni ya jenasi Rhus, ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Katika ukoo huohuo yumo Toxicodendron vernix, unaoitwa msumaki wenye sumu. Utomvu wake una urushioli, mafuta yanayotoa malengelenge ngozini. Huota vinamasini, kingo za vijani vyake (vipande vidogo vinavyounda jani moja) hazina meno, na matunda yake meupe au ya kijivu huning'inia kwa ulegevu. Misumaki ya bustani inayofanana nao huzaa matunda mekundu yaliyosimama, nayo haipendi kukaa majini. Anayenunua kitaluni hana hofu. Anayechimba miche porini ndiye anayeweza kurudi nyumbani na balaa.

1. Gro-Low, wa kufunika ardhi

Huu ni Rhus aromatica wa aina fupi. Haupiti sana sm 60 kwa kimo, lakini hutanuka mita 1.8 hadi 2.4. Huvumilia baridi ya nyuzi -34 za Selsiasi, jua kali, kivuli cha nusu siku na udongo uliochoka. Maua yake madogo ya manjano hutangulia majani, na majani yenyewe hung'aa, hunukia yakisuguliwa, kisha hugeuka machungwa na mekundu.

Tumeupa nafasi ya kwanza kwa namna unavyosonga. Tawi linalogusa udongo hutoa mizizi, na mmea husogea hatua kwa hatua huku unauona. Ukivuka mpaka, unakata tawi, unang'oa sehemu iliyoshika, basi. Ni nadra chipukizi kuibuka ghafla upande wa pili wa njia.

Mahali pake hasa ni mteremko unaomomonyoka, pale ambapo mashine ya kukatia nyasi haifiki. Panda kwa nafasi ya mita 1.2 ukitaka ardhi ifunikwe mapema, au mita 1.8 kama unaweza kusubiri. Kosa kubwa hapa ni kupanda kabla ya kusafisha magugu ya kudumu. Nyasi zenye mizizi ya kutambaa zikishaingia kati ya matawi hayo hazitoki. Utang'oa kucha na bado zitarudi. Safisha eneo lote, subiri wiki tatu au nne magugu yaliyobaki yachomoze, safisha tena, ndipo upande na kutandaza vipande vya mbao au magome kwa unene wa sm 5 hadi 8.

Tahadhari moja: jani lake lina vijani vitatu, na wengi huuchanganya na Toxicodendron radicans, mtambaazi wenye urushioli. Tazama kijani cha kati. Kwenye Rhus aromatica kimekaa karibu bila kikonyo, lakini kwenye mtambaazi wenye sumu kina kikonyo kirefu kuliko vya pembeni. Usisugue jani ili kunusa kabla hujauhakikisha mmea kwa macho.

2. Tiger Eyes, kwa bustani ndogo

Jina lake la kitaalamu ni Rhus typhina 'Bailtiger', na umeletwa sokoni na Bailey Nurseries ya Marekani. Majani yamechanwachanwa kama ya kangaga, huanza ya kijani-manjano, kisha huwa manjano kabisa juu ya vikonyo vya waridi. Kimo na upana ni mita 1.8 hivi. Kama una nafasi ya mmea mmoja tu wa kuvutia macho, chukua huu.

Ukiambiwa hautoi machipukizi, usikubali. Hutoa, ila machache kuliko Rhus typhina wa kawaida, na huzidi mizizi inapokatwakatwa na jembe. Ukitaka usingizi mtulivu upande kwenye chungu cha lita 40 au zaidi chenye matundu ya kutosha, na ukiinue chungu juu ya vigae ili mizizi isipenye matundu na kuingia ardhini. Mambo mawili huuharibu. La kwanza ni ukame mkali wa muda mrefu pamoja na jua la mchana kutwa, ambavyo huunguza kingo za majani. La pili ni tawi linalorudi kuwa la kijani tupu: likate mpaka kwenye asili yake siku hiyohiyo, kwa kuwa majani ya kijani hutengeneza chakula kingi zaidi, na tawi hilo litaupita mmea wote kwa nguvu.

3. Prairie Flame, wa kung'aa

Ni aina fupi ya Rhus copallinum, mita 1.5 hadi 2.1. Spishi hii hutambulika kwa vibawa vyembamba vilivyoambaa kwenye mhimili wa jani, kati ya kijani na kijani. Majani yake yana mng'ao kama yamepakwa mafuta, na wekundu wake hauna mfano kwenye orodha hii. Husambaa, lakini kwa mwendo unaoweza kuufuata. Fahamu tu kwamba Prairie Flame ni dume, kwa hiyo hutapata kishada hata kimoja. Ukitaka matunda, tafuta spishi ya kawaida na uipe nafasi zaidi, maana hiyo hukua kupita mita 3.

4. Rhus typhina, mfalme mwenye fujo

Matawi yake yana vinyweleo kama pembe changa za paa, hufika mita 4.5 hadi 7.5, na aina ya 'Laciniata' ina majani yaliyochanika vizuri sana. Ni mmea mzuri mno kwenye kiwanja kikubwa. Kwenye uwanja wa nyumba ya kawaida, usinunue isipokuwa umejiandaa kuudhibiti tangu siku ya kwanza, kwa sababu kudhibiti baadaye ni kazi mara kumi.

Kujiandaa maana yake ni mojawapo ya njia hizi. Ya kwanza, zungushia nyasi zinazofyekwa kila wiki pande zote; chipukizi laini likikatwa mfululizo hulegea. Ya pili, chimba mfereji kuzunguka eneo la mmea na usimamishe karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia mizizi kwa kina cha sm 60, ukiacha sm 5 juu ya udongo. Sehemu hiyo ya juu ndiyo watu huisahau, na mzizi hupita juu yake chini ya matandazo bila kuonekana. Mwishilio wa karatasi ufunike mwanzo wake kwa angalau sm 30 na ubanwe. Penye mwanya ndipo mzizi utapita. Na kwa vyovyote usiupande karibu na shimo la maji taka au mabomba yake.

Kisha kuna kosa linalofanywa na karibu kila mtu aliyechoka nao: kuukata mti mkubwa ili machipukizi yakome. Matokeo ni kinyume. Mizizi iliyopoteza shina lake huamsha machipukizi kila upande, mara nyingi kuliko mwanzo. Ukiamua kuuondoa, kata mwishoni mwa kiangazi mmea unaporudisha chakula mizizini, pakaa papo hapo kwenye kisiki glaifoseti, dawa ya kuua mimea, kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha fuatilia machipukizi kwa misimu miwili. Usiipake dawa hiyo kwenye chipukizi la msumaki unaotaka kuubakiza: mfumo wa mizizi ni mmoja, na sumu husafiri.

5. Rhus glabra

Hauna vinyweleo, hukua mita 2.7 hadi 4.5, na hutokea kiasili katika majimbo yote 48 ya Marekani yanayopakana. Huo ndio ushahidi wa ukakamavu wake, na pia sababu ya kuuweka mwisho. Ni wa kurudisha uhai kwenye ardhi iliyoharibika, ukingo wa barabara kuu, shamba lililoachwa. Nyumbani, hapana.

Wenye mahitaji maalumu

Kama unachotaka ni kiungo cha jikoni, yaani unga mwekundu wenye uchachu, mmea wenyewe ni Rhus coriaria wa eneo la Mediterania na Asia Magharibi. Hufika mita 3 na hauhimili baridi kali kama jamaa zake wa Marekani Kaskazini. Matunda ya typhina na glabra nayo hutengeneza kinywaji kichachu: loweka vishada vilivyoiva kwenye maji baridi kwa saa kadhaa, chuja kwa kitambaa, usichemshe, kwani joto hutoa tanini na kinywaji huwa kikali kooni. Vuna kabla ya mvua kubwa. Mvua husuuza asidi iliyo juu ya vinyweleo vya matunda. Mwenye mzio wa korosho, embe au pistachio asijaribu bila ushauri wa daktari.

Penye ukame mkali, Rhus trilobata hufanya kazi ya Gro-Low kwa maji machache zaidi, ila harufu yake haipendwi na wengi. Mahali pasipo baridi ya kweli, achana na ndoto ya majani mekundu. Bila siku kufupika na usiku kupoa, rangi haiji ipasavyo. Huko Searsia lancea ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitwa Rhus lancea, hubaki kijani mwaka mzima na huvumilia ukame. Ni mti kamili wa mita 7 hivi, kwa hiyo upimie nafasi ya mti.

Kitaluni, uangalie nini

Soma lebo mpaka uone jina la Kilatini. Kama imeandikwa tu "msumaki", rudisha. Uliza jinsia pia: misumaki mingi ni kama mipapai, dume na jike hukaa kwenye mimea tofauti, na vishada huzaliwa na jike tu, naye anahitaji dume jirani.

Chungu cha lita 4 hadi 11 kinatosha. Mche mkubwa haukupi faida, kwa kuwa msumaki hukua haraka na mche mdogo hushika ardhi upesi. Vuta mche taratibu kutoka kwenye chungu. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ni sababu ya kuuacha. Mizizi iliyojaa kiasi na yenye ncha nyeupe ndiyo unayoitaka. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: likiwa kijani chini yake, lipo hai. Madoa ya vijipele vya machungwa-waridi kwenye tawi lililokufa ni dalili ya kuvu wa kovu, usiuchukue.

Mbegu ni rahisi kupata, lakini huwezi kujua jinsia, na aina kama Tiger Eyes hazijirudii kwa mbegu. Ganda lake gumu lazima livunjwe: mwagia maji ya moto na uache yapoe kwa saa 24. Za aromatica huhitaji zaidi ya hapo, miezi miwili hadi mitatu kwenye mchanga wenye unyevu, kwenye nyuzi 4 hivi.

Siku ya kupanda

Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, na kina sawa na bonge, si zaidi. Mche uliozama huoza shingoni. Rudisha udongo uleule bila mbolea. Nitrojeni nyingi huleta matawi marefu laini na kufifisha rangi. Mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki msimu wa kwanza ikiwa hakuna mvua, kisha acha. Jaribu udongo kwanza: jaza shimo maji, na kama bado yapo baada ya saa 24, panda pengine au inua tuta. Pia epuka ardhi iliyowahi kuua nyanya au viazi kwa mnyauko wa vertisilia. Kuvu huyo hukaa udongoni miaka mingi, na tawi moja la msumaki litakauka baada ya jingine huku ukidhani ni kiu.