TAHADHARI: Kamba ya winchi ya "tani 6" iliyokatika kulungu akiwa bado korongoni

Wakuu mnaowinda na kutumia winchi ndogo za kubeba kuvutia mizoga, someni hii kabla hamjalipia kamba mtandaoni. Duka silitaji, na hata ningelitaja lisingewafaa kitu, maana limeshabadilisha jina tangu tugombane. Nitaeleza kamba yenyewe ilivyo, mkikutana nayo muijue.

Tangazo lilisema mita 50, unene milimita 12, poliesta tupu, suka ndani ya suka, "tani 6". Chini yake nyota tano za wateja, moja baada ya nyingine. Baadaye niliyarudia maoni yale kwa utulivu: wote wanasifu mzigo kufika haraka, hakuna hata mmoja aliyesema amevuta nini.

Nilipaswa kushtukia ile tani 6. Poliesta nzuri ya milimita 12 hukatika kwenye tani 3 na kitu, au 4 ikiwa bora hasa. Anayekuandikia 6 kwa unene huo, ama nyuzi zake ni za aina nyingine kabisa, ama ameandika namba iliyompendeza. Halafu tani 6 za nini? Za kukatikia au za kufanyia kazi? Mtengenezaji mkweli hukueleza ni ipi, na uzito wa kazi huwa sehemu ya tano hadi ya kumi ya ule wa kukatikia. Winchi yangu ina nguvu ya kuvuta kilo 700. Mara tano ni tani 3 na nusu, ndiyo maana nilitaka milimita 12. Wengi hupiga hesabu kwa uzito wa kulungu. Hesabu ni ya winchi, kwa sababu mzoga ukinasa, winchi haijui kwamba inavuta kulungu. Itavuta mpaka nguvu zake ziishe.

Na kwangu ulinasa. Dume la kulungu mwekundu, kilo 140 hivi baada ya kutolewa matumbo, aliangukia korongoni. Tukafunga kamba kwenye mashina ya pembe ili kichwa kitangulie (ukifuata ulalo wa manyoya mzoga unateleza, ukienda kinyume unakamata kila kichaka), nikaizungusha mara nne kwenye ngoma ya winchi (ngoma hii haikunji kamba, inaikamata kwa msuguano tu huku wewe ukivuta mwisho wake kwa mkono), nikawasha. Mita 20 za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha pembe ikaingia chini ya mzizi. Ngoma ikawa inazunguka, kamba inateleza juu yake, na nikasikia harufu kama ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Sikuielewa. Mwenzangu alikuwa ameanza kushuka kwenda kuinasua pembe. Nikaachia mkono kidogo, kamba ikarudi nje kiasi cha shubiri, na ile sehemu iliyokuwa imepata moto ikawa sasa mbele ya ngoma, imebeba mzigo wote. Nikaona ganda la nje linajikunja nyuma kama soksi inayovuka kisigino. Nikapiga kelele, yule bwana akasimama alipo. Kamba ikakatika kwa mlio wa risasi, kipande kirefu kikaruka bondeni na kupiga kichaka hatua tatu mbele yake. Dume akaporomoka hadi chini alikotoka.

Mtu kushuka karibu na kamba iliyokazwa, hilo ni kosa letu, simbebeshi muuzaji. Yaliyobaki ni yake.

Nyumbani niliichana kamba kwa kisu. Ganda lilikuwa poliesta kweli, jembamba kama kitambaa cha begi. Ndani hapakuwa na suka yoyote. Palikuwa na nyuzi nyeupe zinazong'aa zilizolazwa sambamba, humohumo vipande vya kijani na rangi ya chungwa, nadhani nyavu kuukuu, na kila baada ya mita chache vimeungwa kwa utepe wa gundi. Nikatumbukiza nyuzi kwenye bakuli la maji lenye tone la sabuni. Zikaelea. Poliesta huzama. Inayoelea namna hiyo ni polipropilini, na ile harufu ya mshumaa ilikuwa yake: inayeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, na inalainika mapema zaidi, wakati poliesta inastahimili hadi karibu 255. Kwenye ngoma ambayo kazi yake yote ni kukamata kamba kwa msuguano, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Rula ikaonyesha unene wa milimita 10. Mizani nayo, kwa vipande vyote pamoja, ikaonyesha kilo 3. Mita 50 za poliesta ya milimita 12 hukaribia kilo 5 na nusu. Yaani ningeipima siku mzigo ulipofika, nisingehitaji kisu wala bakuli.

Nilipolalamika, jibu la kwanza lilikuwa kwamba nimeizidishia uzito. La pili, wanirudishie nusu ya hela nikifuta maoni yangu. Nikakataa, na kesho yake asubuhi maoni hayakuwepo. La tatu ndilo lililonichefua: wakanishauri nichukue "nailoni, imara zaidi". Nailoni inavutika kama mpira, inaweka nguvu yote ndani, na ikikatika inairudisha kwa mkupuo. Ile iliyopita hatua tatu kutoka kwa mwenzangu ingemfikia. Nikawaambia hivyo, wakahamia kwenye nyuzi za Dyneema, aina ya polithini ngumu sana. Hizo ni imara kweli, na kwenye winchi za magari zinazokunja kamba kwenye pipa lake zinafaa. Ila zinateleza kama zimepakwa mafuta na huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 tu hivi. Ukizizungusha kwenye ngoma ya msuguano unarudi palepale. Ama hawajui wanachouza, ama hawajali, na sioni kwamba kuna nafuu kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ombeni vitu vitatu: picha ya ncha iliyokatwa ikiwa kando ya rula, ili kiini kionekane, picha ya bunda zima juu ya mizani, na uzito wa kukatikia na wa kazi, vyote kwa maandishi. Kamba iliyosokotwa ikataeni hata ikiwa poliesta safi, inajipinda kwenye ngoma na kupandiana. Ulizeni pia kama wanaweza kuisukia jicho mwishoni, yaani kitanzi cha kusukwa kisicho na fundo, maana fundo peke yake hula theluthi ya nguvu, wakati mwingine nusu.

Niliyenunua kwake safari hii alituma picha zote siku ileile. Tena kabla sijamuuliza lolote, yeye ndiye aliyeniuliza winchi yangu ni ya ngoma au ya kukunja.

Lile duka la kwanza sasa lina jina jipya na nembo mpya, lakini picha hawakuibadilisha: kamba ya bluu yenye nyuzi mbili za njano, imelazwa juu ya gogo lenye kuvu, na kwenye kona ya chini kushoto kinaonekana kidole gumba kilichofungwa plasta.