Tropico 6: gemu la urais, ila utamu wote umekaa kwenye ukoloni

Wadau wa gemu za kujenga miji, leo ni Tropico 6. Ni la mwaka 2019 kwa hiyo sio jipya, ila kila likishuka bei kwenye Steam (duka la gemu la mtandaoni) watu wanaanza kuulizana linafaa au halifai, na majibu ni yale yale, grafiksi kali, muziki mtamu, linachekesha, chukua tu. Sawa, yote kweli. Mimi nataka niongelee kitu ambacho watu wanakiruka, ile nchi yenyewe. Tropico ni kisiwa cha Karibiani (toleo hili ni visiwa kadhaa, unaviunganisha kwa madaraja) ambacho hakipo kwenye ramani yoyote, lakini kina serikali, kina vyama, kina katiba, kina wala rushwa wake, na kina mkoloni ambaye gemu linamwita tu Ufalme, Mzungu wa wapi hasa hatuambiwi.

Kwa asiyelijua kabisa: wewe ni El Presidente, una mshauri wako anaitwa Penultimo, mtu wa kujipendekeza balaa, na unaipitisha nchi kwenye enzi nne, Ukoloni, Vita vya Dunia, Vita Baridi halafu siku hizi. Gemu la kwanza lilitoka 2001 na hapo zamani ulikuwa unaanza moja kwa moja miaka ya 1950, tayari uko ikulu. Ukoloni uliingizwa Tropico 5, mwaka 2014, lililotengenezwa na jamaa wa Bulgaria, Haemimont Games. Hili la 6 likaenda kwa Limbic Entertainment wa Ujerumani na wakaubakisha, nawashukuru kwa hilo maana bila huo ukoloni mimi ningeshalifuta zamani.

Kwenye Ukoloni wewe sio rais bado. Ni gavana, umetumwa, na una muda wa kukaa, kuna saa inahesabu miezi, ikiisha Mfalme anakutoa na gemu limekwisha. Njia ya kuongezewa muda ni kufanya anachotaka: leta magogo, leta sukari, jenga hiki. Huku nyuma kuna makundi mawili ya siasa, wafuasi wa Mfalme na wanamapinduzi, na uhuru hauji mpaka wanamapinduzi wawe wengi, kwa hiyo mchana unamtumikia Mfalme, usiku unawalea wanaotaka kumfukuza. Huo unafiki ndio utamu wenyewe. Unapakia meli ya sukari kwa ajili ya bwana mkubwa na meli hiyo hiyo inakuongezea miezi ya kumpangia njama.

Na kizuri ni kwamba kila raia unaweza kumbofya ukamwona. Nilimbofya mama mmoja wa shamba la miwa, kazi anayo, ila nyumba hana, kajijengea kibanda cha mabati na mbao pembeni ya shamba, chakula kiko chini, burudani ndio kabisa, na ukishuka kwenye siasa zake ni mwanamapinduzi. Sasa nani amlaumu? Ukimjengea nyumba nzuri na tavern (baa) ya karibu anatulia, ila ukimtuliza sana ndio hivyo tena, uhuru unausogeza mbele mwenyewe. Hapo gemu limewaza kweli kweli, yaani gavana anayetaka uhuru anapiga hesabu ya watu wake wateseke kiasi gani.

Tuje kwenye uhuru wenyewe sasa. Wanamapinduzi wakitosha unachagua, upigane na askari wa Mfalme watakaoshuka pwani, au ulipe. Ndio, ulipe hela, Mfalme anachukua chake, bendera inapanda, Penultimo anashangilia. Wengi wanalipa kwa sababu ni rahisi na minara yako ya ulinzi haibomolewi. Nimeona watu wanacheka kwamba eti uhuru wa kununua dukani, ila hiyo sio kichekesho cha kutunga, hiyo ni Haiti. Haiti ilijikomboa kwa vita ikatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804, halafu mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka manowari ikasema tutawatambua mkilipa faranga milioni 150, fidia ya waliokuwa na mashamba na watumwa. Yaani aliyekuwa mtumwa amlipe aliyekuwa bwana wake. Mwaka 1838 ikapunguzwa ikawa milioni 90, lakini Haiti ilikuwa imeshakopa kwenye mabenki ya Ufaransa ili kulipa Ufaransa, na madeni yaliyotokana na hiyo fidia yalikuja kuisha 1947. Kwenye Tropico unalipa mara moja, unakuza tumbaku kidogo, umesahau. Wangeweka hata deni la kukufuata mpaka Vita Baridi, gemu lingekuwa gumu zaidi na la kweli zaidi, na kimchezo ingenoga tu kwa sababu kukopa na kudaiwa tayari kumo humo ndani.

Halafu kuna kitu hakimo kabisa, utumwa. Una mashamba ya miwa, una kiwanda cha ramu, una bandari, una Mfalme, na wafanyakazi wako wote wamekuja kwa meli kwa hiari yao wakitafuta maisha. Karibiani! Visiwa kama Barbados na Jamaika na hiyo hiyo Haiti ilipokuwa inaitwa Saint-Domingue, sukari ilikuwa ni watu wa Afrika waliosafirishwa kwa minyororo, hakuna njia ya kuielezea sukari ile bila hao. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1834 ililipa fidia ya pauni milioni 20, na walipewa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata hata senti, wakaongezewa na miaka ya kufanya kazi kwa mabwana wale wale mpaka 1838. Baada ya hapo yakaja majahazi ya vibarua wa mkataba kutoka India. Na kabla ya wote hao kulikuwa na Wataino, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, ila kwenye gemu kisiwa unakikuta ni pori tupu, kama vile kilikuwa kinamsubiri gavana.

Naelewa kwa nini wameikwepa, gemu la kuchekesha ukiweka utumwa kama kitufe cha kubonyeza utaonekana mtu wa ajabu, na kusema ukweli wakijaribu vibaya ningekuwa wa kwanza kuwasema. Ila matokeo yake ukoloni wa Tropico unabaki ni bosi mmoja msumbufu anayetuma barua. Sisi ambao babu zetu walikuwa manamba kwenye mkonge tunajua hata ukoloni usio na minyororo ulikuwa na kodi ya kichwa na kipande, na hivyo navyo havimo. Wangeanzia hapo basi, kodi tu ingetosha.

Baada ya uhuru serikali inakuwa tamu kuliko ukoloni kwa upande wa vichekesho. Unaandika katiba mwenyewe, unachagua nani apige kura, dini na dola vikae vipi, jeshi la aina gani. Uchaguzi ukifika unatoa hotuba, na hotuba ni kuchagua vipande: tatizo gani unakiri lipo, nani unamsukumia lawama, kundi gani unalisifia, na ahadi gani unaitoa. Ahadi inakaa kwenye orodha na watu wanaikumbuka, usipoitimiza watakununia. Nilicheka kwa uchungu kidogo hapo maana kwenye gemu angalau inaandikwa mahali.

Na kuna akaunti ya Uswisi. Hiyo ni yako binafsi, sio ya hazina, na kuna amri moja ya vibali vya ujenzi ambayo kila jengo linakuwa ghali kidogo na ile nyongeza inaingia Uswisi kimya kimya. Hospitali, shule, kibanda cha bandarini, kila kimoja kinakuachia kitu. Halafu kuna dalali ambaye hela hiyo ya Uswisi ndio anaitaka, unamlipa anakutengenezea mambo. Wanaodhani hii ni chumvi tu wasome habari za akina Duvalier wa Haiti, baba alichaguliwa 1957 akajifanya rais wa maisha 1964, mtoto akarithi 1971 akiwa na miaka 19, akakimbia 1986, na fedha za familia zikakutwa mabenki ya Uswisi. Au Trujillo wa Jamhuri ya Dominika, alitawala kuanzia 1930 mpaka alipopigwa risasi 1961, mwaka 1936 mji mkuu Santo Domingo ukaitwa Ciudad Trujillo. Kwenye gemu unaweza kujijengea sanamu na kupamba ikulu utakavyo lakini kubadilisha jina la mji mkuu liwe lako hawajafikiria, Trujillo kawazidi.

Vita Baridi inacheza vizuri, Mmarekani na Mrusi wote wanakuletea misaada na unajifanya unawapenda wote, ukimuudhi mmoja sana anakuletea majeshi. Ila kampuni za kigeni hazina nguvu yoyote ya maana humo, na hapo napo wamepunguza chumvi, ukikumbuka Guatemala 1954, rais Árbenz aligusa ardhi ya United Fruit, kampuni ya ndizi ya Marekani, iliyokuwa imelala bila kulimwa na CIA wakamwangusha.

Utamaduni? Hapo ndipo pembamba. Muziki ni wa kilatini, mzuri sana, unaweza kuliwasha gemu kwa ajili ya muziki tu, lakini ndio kila kitu: salsa, sigara, ramu, kofia, Kihispania cha kuchekesha. Karibiani ya Wajamaika, ya Wahaiti na krioli yao, ya Trinidad, hiyo haipo. Walter Rodney, mwanahistoria aliyefundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa Mguyana, mtu wa Karibiani hiyo hiyo, ukimweka Tropico sijui angeingia kundi gani maana hakuna linalomfaa, labda wangemtupa kwa wasomi.

Kitu kimoja tu kwenye utamaduni kimenifurahisha mno: kuiba maajabu ya dunia. Unatuma watu wako wanaenda kuleta mnara wa Eiffel au sanamu ya Liberty, wanaung'oa kabisa, unausimamisha ufukweni kwako na unakupa faida. Yaani koloni la zamani linaenda kujichukulia kwa wakubwa! Kwa akili zangu za Kitanzania nilitamani waongeze safari moja ya Berlin, kwenye makumbusho, tukamchukue mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, ambaye Wajerumani walimchimba Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo wanawatoza watu kiingilio cha kumwona.

Haya, upande wa ufundi. Mji ukikua foleni ni janga, wale wabeba mizigo wanakwama njiani na ramu inaozea kiwandani (ramu haiozi najua, ila mnanielewa), jengeni ofisi za usafirishaji nyingi na mapema. Laptopu iwe na RAM ya 8 na kadi ya grafiksi ya kueleweka, ya 4 usijaribu, utaishia kuangalia picha imeganda. Ukishalipakua, bando halihitajiki kama unacheza peke yako. Kiswahili hakuna, Kiingereza chake ni chepesi ila utani mwingi uko kwenye maneno ya Penultimo, asiyefuatilia lugha atakosa nusu ya raha. Bei kamili mimi nisingetoa, subirini ofa, huwa linashuka sana. Nyongeza zake za kulipia ziacheni kwanza, gemu lenyewe linatosha miezi.

Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya sukari isiyo na watu. Ukilichukua, kampeni iruke, nenda sandboksi (kucheza huru bila misheni), weka uanzie Ukoloni na hela kidogo, na usikimbilie kulipa uhuru hata kama hazina inaruhusu, jenga minara na ngome upigane, zile dakika manowari zinakaribia na nusu ya mji wako bado unampenda Mfalme hutazipata kwenye enzi nyingine yoyote humo ndani.