Jumamosi sita za kupamba keki Lubumbashi: mkono ulifundishwa, joto likasahauliwa

Kati ya mwezi wa saba na wa nane mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya kupamba keki yanayotolewa katika sebule ya nyumba moja ya komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, kwa Jumamosi sita mfululizo. Nimekawia makusudi kuandika tathmini hii, kwa kuwa siku ya kupokea cheti kila mtu husifu. Nilitaka kwanza nibebe keki ya watu ndani ya taksi, nione kilichobaki mikononi mwangu.

Ada ilikuwa dola 80, viungo vikiwemo, ila kila mshiriki alitakiwa kuja na mfuko wake wa krimu, yaani poshi, pamoja na ncha zake tatu, yaani duyi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili na vijana wawili wa kiume, na karibu sote tulikuwa tunaoka tayari nyumbani, wengine kwa tanuri la umeme pale umeme unapokuwapo, wengine kwa sufuria iliyowekwa juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, na makala mengine, yaani mkaa, juu ya kifuniko. Mwalimu hakumdharau mtu wa mbabula, na kwa hilo namshukuru. Alichodai ni keki iliyopoa kabisa, ikiwezekana iliyolala usiku mmoja imefungwa vizuri, kisha ikatwe kibyongo chake kwa kisu kirefu cha mkate hadi juu pawe sawa. Jumamosi ya kwanza ilikwisha hatujapaka hata ua moja, na baadhi yetu tulinung'unika. Leo naona kwamba keki zangu zote zilizoegemea upande mmoja kama ukuta wa mvua zilikuwa na kosa hilo hilo la kupambwa zikiwa bado na uvuguvugu.

Somo la pili ndilo lililostahili ada yote. Mwalimu alitengeneza krimu ya siagi na sukari ya unga katika bakuli moja, akaigawa mara tatu, na kwa kuongeza maziwa kijiko kidogo baada ya kijiko akatuonyesha uzito wa aina tatu: ile ngumu, ambayo spatula ikichomekwa husimama wima, kwa ajili ya petali za waridi, ya wastani kwa mapambo ya pembeni, na laini kwa kuandika majina na kulainisha kuta za keki. Nilikuwa nimeoka kwa miaka minne nikidhani kwamba maua yangu huanguka kwa sababu sina kipaji, kumbe nilikuwa natumia krimu ya kuandikia kutengenezea waridi. Tulijifunza pia kupaka kwanza tabaka jembamba la kunasa makombo na kuliacha likaze kabla ya tabaka la kuonekana, kujaza poshi nusu tu, kushika duyi ya petali, ile namba 104, upande mpana ukiwa chini, na kuacha kukamua kabla ya kuinua mkono ili nyota isitoke na mkia. Mwalimu alipita nyuma ya kila mmoja akirekebisha viwiko. «Mama, hiyo ni poshi, si jembe,» aliniambia, na alikuwa na haki.

Kasoro ya kwanza ni vifaa. Sahani za kuzunguka, zile za kuwekea keki na kuigeuza wakati wa kupaka, zilikuwa tatu kwa watu kumi na wanne, kwa hiyo kulainisha ukuta wa keki, kazi ambayo hujifunzwa kwa kurudia tu, kila mmoja aliifanya kwa dakika kumi hivi kisha akaketi kutazama wenzake. Darasa la watu wanane lingetosha.

Siku ya fondanti, yaani unga wa sukari uliokandwa kufunikia keki, ilinisikitisha zaidi. Hewa ya kiangazi chetu ni kavu, na fondanti iliyokandwa na kuachwa wazi ikapasuka pembeni kama visigino vya mtu asiyejipaka mafuta mwezi wa saba. Ingetosha kukandia mafuta mgando kidogo au matone ya gliserini, na kuifunika kwa plastiki wakati wote ambao haiko mkononi, lakini tuliambiwa tu tufanye haraka. Somo la kupanga bei, lililokuwa la mwisho, lilikuwa la nusu saa: zidisha gharama ya viungo mara mbili. Makala, mafuta ya jenereta, sanduku, nauli na usiku wa kukesha havikutajwa.

Hata hivyo, lalamiko langu kubwa linahusu jambo ambalo halikuwamo kabisa katika ratiba. Tulijifunza katika miezi ya baridi, ambapo asubuhi za Lubumbashi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na siagi ilikuwa na utii wa ajabu: kila ua lilisimama, kila picha ilipendeza. Mwezi wa kumi nikapokea agizo la keki ya ubatizo ya tabaka mbili kwa familia moja ya Katuba, komini nyingine ya hapa mjini. Niliondoka nyumbani saa nane mchana, joto likiwa limepita nyuzi 30, na kwa kuwa siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, ndani ya taksi iliyofungwa madirisha kwa sababu ya vumbi waridi zangu zilianza kuteremka moja moja. Nilifika na keki iliyovaa kaptula. Mama wa mtoto alicheka, akanilipa nusu, na sikuwa na la kujibu.

Niliyoyajua baadaye niliyapata kwa kuharibu siagi yangu mwenyewe. Katika miezi ya joto nachanganya siagi nusu na mafuta mgando ya mimea nusu. Utamu wake hupungua kidogo, lakini ua hufika. Kwa keki ya kusafiri mbali napaka ganashi, sehemu mbili za chokoleti nyeusi kwa moja ya krimu, au sehemu tatu kwa moja ikiwa chokoleti ni nyeupe, kwa kuwa nyeupe ni laini zaidi. Keki hutoka kwangu saa kumi na mbili asubuhi. Mvua zikianza, siitoi tena keki ya fondanti moja kwa moja kwenye friji kwenda hewani, maana hutoa jasho na rangi huchuruzika. Yote hayo yangeingia katika Jumamosi moja.

Kwa hiyo, mtu anayeoka vizuri tayari na ambaye mkono wake ndio unaomwangusha, namshauri aende, hasa kwa ajili ya krimu ya siagi, kwa sababu sijaona hapa mjini mtu anayefundisha poshi kwa subira kama ile. Anayetafuta fondanti au biashara akae na dola zake 80. Atakayejiandikisha aombe zamu ya mwezi wa tisa au wa kumi, hata kama mwalimu atamwambia kwamba wakati huo krimu inasumbua, na kabla ya kulipa ahesabu sahani za kuzunguka zilizo mezani.