Lightroom Classic kwa kufuta chenga kwenye picha za baharini: naikubali, ila kwa potwe iangalieni

Natumia Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kuhariri picha kwenye kompyuta, kusafisha picha za chini ya maji, za matumbawe ya Chole Bay na hasa za potwe (papa nyangumi) wa kisiwa cha Mafia, na kwa kazi ya kutoa zile chenga nyeupe zinazoelea mbele ya samaki naipa nyota nne kati ya tano.

Kwa ambaye hajakutana nazo, maji ya bahari yana planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea), mchanga uliotimuliwa na mapezi ya wapiga mbizi, vipande vya majani, sasa ukiwasha flashi iliyokaa karibu na lenzi mwanga unavigonga hivyo vitu kabla haujamfikia samaki, unarudi moja kwa moja kwenye kamera na picha inatoka kama mtu kamwagia unga wa sembe. Ukizivuta flashi pembeni na ukamsogelea samaki chenga zinapungua sana, ila haziishi zote, ndo hapo programu inapohitajika.

Ukibonyeza Q unapata Heal, ambayo unaielekeza mwenyewe ichukue rangi wapi ya kuzibia, na tangu Oktoba 2022 ikaongezeka Remove inayotafuta yenyewe. Kwenye bluu tupu ya maji Remove ni tamu mno, unagusa chenga inaondoka na bluu inabaki laini. Halafu kuna Visualize Spots, hii mi naipenda kuliko zote, picha inageuka nyeusi na nyeupe na chenga zinajitokeza hata zile ambazo jicho lilizipita. Kitu kimoja tu, usikimbilie kuvuta Dehaze (ya kuondoa ukungu) na Clarity (ya kukoleza kingo) picha nzima ukidhani unasafisha maji, zinakoleza chenga zote, bora umchague samaki peke yake umkoleze yeye na huku nyuma ushushe Clarity na Texture (ya vitu vidogovidogo), chenga ndogondogo zinafifia hata bila kuzigusa.

Sasa tuje kwa potwe maana hapa ndo watu wanaharibu. Pale Kilindoni, hukohuko Mafia, wanaonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi wakifuata chakula, na chakula chao kikubwa ni hizohizo planktoni, yani maji yanayomleta potwe ndo yanayochafua picha yake. Na potwe mwenyewe ana madoa meupe mwili mzima! Programu haijui hili ni doa na hii ni chenga, kwake vyote ni nukta nyeupe, ukipitisha brashi harakaharaka ubavuni unafuta na madoa. Na yale madoa si urembo tu, kila potwe ana mpangilio wake, watafiti wanamtambua kwa madoa ya ubavuni nyuma kidogo ya mashavu, na mwaka 2005 ilitangazwa njia ya kuyalinganisha kwa kompyuta iliyotokana na hesabu za wanaastronomia za kulinganisha nyota kwenye picha za anga. Kwa hiyo ukimfuta madoa matatu ukamwongeza mawili umetengeneza potwe ambaye hayupo baharini.

Kwenye mwili wake mi naizima Remove, natumia Heal, nakuza mpaka asilimia 100 naenda moja moja. Doa linakaa kwenye safu kati ya mistari ya ngozi, chenga haifuati safu yoyote na mara nyingi kingo zake zina ukungu kwa sababu iko karibu na lenzi. Kama una picha mbili zilizofuatana zilinganishe, doa litabaki palepale mwilini ila chenga itakuwa imehama. Ukibaki na shaka iache. Na ukimtumia mtafiti picha mtumie faili la mwanzo kabisa na chenga zake.

Ile Generative Remove iliyokuja Mei 2024 sikushauri kabisa juu ya mnyama, inachora kitu kipya ambacho kamera haikukiona, halafu inataka intaneti muda wote wa kazi. Kwa kamba ya mashua iliyokatiza kwenye bluu ya maji, sawa.

Kama chenga ni mamia kwa mamia, Photoshop ina filta ya Dust & Scratches, unanakili leya (tabaka la picha), unaipitisha filta hapo, halafu kwa maski, yani kifuniko cha kuchagua sehemu, unairuhusu kwenye maji tu, mnyama usimguse maana inakula magamba na mikunjo ya ngozi inabaki kama plastiki. Kwa wingi huo naona Photoshop inashinda, Lightroom inahifadhi kila mguso kama maelekezo yake na picha ya asili haiguswi, jambo zuri sana, ila miguso ikishakuwa mamia kompyuta yenye RAM ndogo inalemewa.

Hiyo ni nusu ya sababu ya nyota niliyoibania, nusu nyingine ni malipo ya kila mwezi, kwa kijana anayeongoza wageni na kamera ya kuazima hiyo hela ni nyingi. Huyo namwambia ashushe darktable, ni ya bure na moduli yake ya retouch inafanya kazi hii vizuri, ugumu ni kuizoea tu mwanzoni. Kama hana kompyuta basi Snapseed kwenye simu, Healing yake haina malipo, akuze picha mpaka chenga iwe kubwa ndo aguse, akigusa picha ikiwa ndogo kidole kinabeba na pezi la samaki.